Ghala Moja, Funguo Tano

Saa moja asubuhi, soko bado linafagiliwa, lakini Mama Funguo tayari amebana kipande cha shaba kwenye jiliwa na anakipitishia tupa. Anapuliza unga, anakiinua usawa wa uso, anafumba jicho moja.

"Bado jino moja linaringa," anasema, na kukirudisha palepale.

Kibanda chake hakizidi sana upana wa mlango. Ufunguo mmoja humlipa chini ya bei ya sahani ya chakula, na kwa pesa hizo hizo amesomesha watoto watatu. Huu anaochonga leo ni wa kufuli jipya la ghala la pamoja la wafanyabiashara, na nyuma yake kuna kisa.

Kwa miaka minane, yaani mihula miwili, mama huyu alikuwa mwenyekiti wa chama cha soko. Cheo hicho hakina mshahara. Kina ufunguo wa ghala, na anayeushika ndiye huamua mzigo wa nani ulale ndani na wa nani unyeshewe.

Aliyemtangulia alikaa mpaka watu wakasahau kama kuna uchaguzi. "Yule mzee hakuanza vibaya," anasema. "Tulimpenda, tukamwachia. Mwishowe ghala likawa la shemeji zake."

Ndipo yeye akapigania kifungu kipya: mihula miwili, basi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliwaambia wanachama. Wakacheka, wakakipitisha.

Kasheshe ikaja zamu yake ilipokaribia kuisha. Paa la ghala lilikuwa halivuji tena, choo kina maji, na watu hawakutaka kumwachia. Wakadai kifungu kifutwe. Kinara wao alikuwa fundi viatu wa kibanda cha pili, ambaye hata sasa anadakia bila kuulizwa.

"Nasema wazi! Mwizi ukimpa mihula miwili ataiba mbiombio. Na mwaminifu unamfukuza. Sasa hapo tumezuia nini?"

"Shona kiatu, baba," Mama Funguo anamjibu.

Hata diwani wa eneo hilo, anayeutafuta muhula wa nne, alileta kitasa chake kutengenezwa, akamhimiza abaki, maana uzoefu haununuliwi. "Nikajiuliza, huyu ananitetea mimi au anajitetea mwenyewe?" anasema, akicheka mpaka tupa inamponyoka.

Je, yeye mwenyewe alitaka kubaki? "Nisikudanganye, mwanangu, nilitaka sana! Kuitwa mwenyekiti kutamu. Nikaanza kujiambia, kwani nani mwingine ataweza?"

Wiki ya mkutano mkuu, akijiandaa kwa makabidhiano endapo kifungu kingebaki, alitangaza kwamba kila mwenye ufunguo wa ghala aurudishe. Alitegemea mbili, wake na wa mtunza ghala. Zikaja funguo tano.

Mmoja ulikuwa wa wifi yake, muuza nguo, aliyechongewa wakati mtoto wake alipolazwa hospitali, asipoteze muda kumsubiri mtunza ghala. Mwingine ulikuwa wa muuza mchele, ambaye mzigo wake huchelewa kufika. Wa tatu wa ziada ulikuwa wa fundi viatu.

"Mimi ilikuwa kwa sababu ya mvua," fundi viatu anasema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Zote nimezichonga kwa mkono huu," anasema Mama Funguo. "Hakuna aliyenipa hata chai. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, nami nina roho nzuri. Nilipoziona pamoja nikasema, lo! Tena mimi ninayejiona mwema! Nikiongezwa miaka minane mingine, si soko zima litakuwa na ufunguo, isipokuwa yule nisiyempenda?"

Mkutanoni alizimwaga zote mezani. Watu wakacheka, kisha muuza vitunguu akasimama kwa hasira.

"Kumbe! Vitunguu vyangu vikaoza nje kwa kukosa nafasi, na hawa wanaingia watakavyo?"

Mama Funguo alimwomba radhi mbele ya wote. Anasema hajawahi kuona aibu kama ile. Walipouliza nani atawaongoza sasa, aliwajibu kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kifungu kikabaki, na aliyechaguliwa ni yule yule muuza vitunguu.

Je, ukomo wa mihula ungepunguza ufisadi hata kwa wanasiasa? Mama Funguo anaipuliza tupa. "Fundi viatu ana lake la kweli. Mwizi ni mwizi hata umpe siku moja. Lakini mtu mwema naye huharibika polepole, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Huyo ndiye wa kuwahi. Kama ghala la vitunguu limenishinda mimi, sembuse hao wenye hazina?"

Sasa anataka chama kiongeze kifungu kingine: kila mwenyekiti mpya, kufuli jipya, na funguo mbili tu. La kwanza analitengeneza bure.

Kabla jua halijapanda, mwenyekiti mpya anafika kulichukua. Anajaribu funguo zote mbili, anafurahi, anashukuru. Kisha anainama na kushusha sauti.

"Mama, naomba unichongee na wa mdogo wangu. Siku nikiugua tu."

Fundi viatu anaangusha nyundo kwa kicheko. Mama Funguo hacheki. Anamvutia mwenzake kigoda, anamketisha.

"Nitauchonga," anamwambia, "ukisimama mkutanoni ukauomba kwa sauti ya kusikika na wote."

Muuza vitunguu anamtazama, anazitazama funguo zake mbili, anazitia mfukoni.

"Basi, Mama," anasema. "Acha tu."