Glavu Niliyoishona Kwenye Usukani

Mimi ni mwoga, na nalisema hilo bila haya. Radi ikipiga naacha cherehani, najifungia chumbani na shuka kichwani. Mtu mwenye akili zake asingenichagua kuwa kiongozi wake barabarani. Nesi alinichagua.

Nesi, tunayemwita hivyo kwa kazi yake ya hospitali, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, shoga yangu tangu watoto wetu walipokuwa wakiambukizana surua. Starehe yake ni baiskeli. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa, na daktari alimwambia la kulia nalo liko njiani. Kabla halijafika huko alitaka kitu kimoja tu: ile safari ya kilomita mia, kundi zima la waendesha baiskeli, kutoka uwanja wa mpira hadi ng'ambo ya vilima. Waandaaji hakuwaambia habari ya macho, maana wangemzuia.

"Wewe kaa mbele yangu tu, Fundi," alisema. "Ukiona shimo, nyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto usijisumbue, siuoni."

"Na nikikosea?"

"Tutaanguka wote. Usijali, kitanda cha wodini nitakuchagulia mimi."

Alicheka.

Kilichonitisha zaidi ni mkono wangu mwenyewe. Miaka yote nashona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na ukitaka isimame unaweka kiganja cha kulia juu ya gurudumu lake. Mkono umezoea. Kwenye mazoezi, kila nilipoogopa, uliachia usukani na breki yake, ukaenda kutafuta gurudumu hewani. Siku moja niliingia moja kwa moja kwenye karakana ya mtengeneza majeneza, naye akaniuliza kama nimekuja kupimwa.

Asubuhi ya safari hofu ikanipa akili ya kifundi. Nilichukua glavu yangu ya kulia, nikaishona kwenye mpira wa usukani kwa uzi wa mabegi, mshono juu ya mshono. Nikaingiza mkono, nikafunga kifungo. Vidole vilifikia breki vizuri.

"Sasa ukianguka je?" baba watoto akauliza.

"Usinitie nuksi!"

Kwenye tambarare mambo yalikwenda. Kila baada ya muda niliita, "Upo?" na Nesi akajibu nyuma yangu, "Nipo!" Jua likapanda, barabara ikapanda nayo, na tulipofika juu ya kilima nikaona wenzetu wa mbele wanazama mmoja mmoja kwenye mteremko. Walikuwa wakinyoosha mikono ya kulia kuonyesha mashimo. Hapo ndipo akili iliponirudia. Mkono pekee ambao Nesi angeweza kuuona, nilikuwa nimeushonea kwenye usukani.

Kusimama hakukuwezekana tena. Baiskeli zilikwisha kushika kasi, na Nesi alikuwa karibu hata namsikia akipumua. Ningefunga breki ghafla angenivaa. Upande wa kulia nikaliona shimo, pana kama karai. Nikauvuta mkono. Hautoki. Nikauvuta tena. Uzi wangu haukatiki, mtaa mzima unajua, sare zangu huchanika kitambaa kwanza. Mwishowe kifungo kikafyatuka, nikachomoa mkono ngozi ikabaki humo, nikaunyoosha huku napiga yowe.

"Shimo! Kulia! Mama yangu weee! Nesi! Mamaaa!"

Nikakwepa kushoto, nikangoja kusikia mshindo wa mtu kuanguka. Sikuusikia. Sikuthubutu kugeuka. Nililia kwa sauti mpaka chini, kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Chini tulisimama kando ya barabara.

"Uliuona mkono?" nikamuuliza.

"Mkono gani?"

Nilidhani ananitania. Nikaupunga karibu kabisa na pua yake, damu inachuruzika. Jicho halikupepesa.

"Tangu kule juu ni ukungu mtupu," akasema polepole. "Nimefuata kelele zako. Basi piga hivyo hivyo, tutafika. Nakuomba, shoga yangu. Ndiyo ya mwisho hii."

Mbele yetu kulikuwa na kilima kingine, na nyuma ya kilima bila shaka mteremko mwingine. Mimi nilikiona. Yeye alikuwa amegeuzia uso upande wa ukuta wa mawe. Niliogopa kumnyima, na niliogopa kumzika, na sijui ni hofu ipi iliyozidi.

Gari la kuokota waliochoka lilikuwa linakuja. Nikaunyanyua ule ule mkono wa kulia, juu kabisa, likasimama.

"Nani kashindwa?" dereva akauliza.

Nesi alikaza shingo, akingoja nimtaje.

"Mimi," nikasema. "Mimi mwoga, kaka, siwezi tena. Huyu mwenzangu ni mzima, ila hataki kuniacha peke yangu."

Dereva akacheka mpaka akashika kiuno. Akapakia baiskeli zetu, glavu yangu ikiwa bado imeng'ang'ania usukani. Nesi aliutafuta mlango kwa kupapasa, nami nikajifanya namsukuma kwa haraka ili mtu asione.

Tulipokuwa tumekaa kule nyuma, alitoa leso yake, akaushika mkono wangu, akaufunga kidonda bila kukiona, na fundo lake likakaa mahali pake.