Siku Niliyomleta Simba Darasani

Jamani, mkipita Mikumi mkasikia watu wanaita "Mwalimu Simba", msigeuke kutafuta baba mwenye kifua, ni mimi huyu huyu Rehema, mwanamke mfupi wa miwani, na jina lenyewe sikulipata kwa ushujaa. Miaka yote hii nimekuwa nikiicheka aibu hii mbele za watu na kuililia nikiwa peke yangu, na leo nawasimulia yote, pamoja na ile sehemu ambayo wanaonicheka barabarani huwa hawaijui.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakaanza kujaa vitu vya Dubai, na pale malori yanapolala kabla ya kuendelea Iringa, vibanda vya video vikaota kama uyoga. Wanafunzi wangu wa darasa la saba walijua kupiga mateke ya hewani kuliko walivyojua kugawanya sehemu, wasiokwenda video walikuwa barabarani wanawauzia madereva mayai ya kuchemsha, na hao waliobaki darasani, Mungu wangu, walinitazama mimi na chaki yangu kama abiria wanaosubiri basi lililoharibika. Nafundisha habari za wanyama (sisi tunaopakana na hifadhi, tembo wanaokula mahindi yetu wenyewe!) na watoto wanasinzia! Iliniuma sana. Mimi ni mtu wa wivu, sifichi, na wakati ule nilikuwa naionea wivu televisheni.

Asiyesinzia alikuwa mmoja tu, Naserian, binti wa mfugaji aliyeitwa Mzee Lekishon, mwenye boma lake ng'ambo ya korongo. Mzee huyu zamani hakutaka kusikia habari za shule, nami wakati Naserian angali mdogo nilikwenda kwake nikarudi, nikaenda nikarudi, mpaka mbwa wake wakanizoea wakaacha kubweka, na siku moja nikamwambia neno ambalo sasa linanichoma: "Mzee, shuleni watoto wako salama kuliko malishoni." Akaniuliza, "Una hakika, mwalimu?" Nikasema nina hakika. Basi akamtoa Naserian, na mwaka huu ninaousimulia akamwongeza mdogo wake, Nalepo, akaanza darasa la kwanza. Mtihani wa kumaliza la saba ulikuwa umekaribia, na hakuna mwalimu pale kwetu aliyekuwa na shaka kwamba Naserian angechaguliwa kwenda sekondari, wa kwanza katika boma lile, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea kichwa juu kana kwamba ni mwanangu wa kumzaa.

Sasa ikaja habari kwamba mgeni rasmi anatoka wilayani, Kilosa, anakuja kutukabidhi madawati mapya, na mwalimu mkuu akasema ingefaa mgeni aone somo moja la mfano kabla ya hotuba. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema (kiherehere changu kingekuwa zao la biashara, wilaya nzima ingetajirika). Nilikuwa na redio kaseti yangu mpya, na shemeji yangu, askari wa wanyamapori, alikuwa amenipa kaseti ya simba waliyemrekodi kule hifadhini, simba mwenyewe, ananguruma kweli kweli. Nikaandaa somo nikaliandaa tena. Watoto wa darasa langu nikawaonya mapema wasiogope. Wa darasa langu, mnanisikia? Madarasa mengine sikuyaambia, wala walimu wenzangu sikuwaambia, maana nilitaka iwe siri, sifa zisije zikavuja kabla ya wakati.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaijaribu redio, nikaona sauti haifiki nyuma alikowekewa mgeni kiti. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Kamati ya shule ilikuwa imekodi vyombo vya kutangazia kwa ajili ya hotuba, mashine ya kukuza sauti inayotumia betri ya gari, spika moja ya sanduku, na ile nyingine ya mdomo mpana ambayo walikuwa wameifunga juu ya paa, upande wa darasa la kwanza, ikatazama bondeni. Mashine waliihifadhi darasani kwangu. Nikamwambia fundi wa vyombo, "Kaka, hebu niunganishie redio yangu humo." Akaunganisha, kisha akaniuliza, "Mwalimu, na hii ya nje nayo niiache?" Nikamjibu, "Iache, ina ubaya gani?" Naye akaenda zake kunywa chai.

Mgeni akaingia, baba wa heshima aliyevaa suti ya Kaunda, akaketi. Nikafundisha habari za simba, nikaongeza maneno mawili matatu ya kujikweza, nikabonyeza. Simba akanguruma. Jamani, mabati yalitetemeka! Watoto wangu wakapiga makofi, wale wasinziaji wote wamekaa wima, Naserian macho yanameta, mgeni anatabasamu, na mimi moyoni nasema, video iko wapi leo? Furaha hiyo ilidumu mpaka niliposikia kengele.

Hapa inabidi niwaeleze kitu. Kiangazi kile tulikuwa tumesumbuliwa na wanyama, na shule ikaweka utaratibu: kengele yetu, rimu ya lori iliyoning'inizwa, ikigongwa mfululizo bila kupumzika, ujue kuna mnyama, mwalimu afunge mlango na watoto waingie chini ya madawati. Na kijijini wakiisikia hivyo mtu anapiga yowe, na yowe likishapigwa, kwetu hakuna anayebaki ndani, maana ukibaki utaulizwa kikaoni ulikuwa wapi wenzako wakifa. Watoto wote walifundishwa utaratibu huo na mwalimu wa usalama wa shule. (Mwalimu wa usalama alikuwa mimi.) Waswahili husema likilia la mgambo kuna jambo, na mlinzi wetu hakuwa mtu wa kusimama kuuliza ni jambo gani, yeye alisikia simba, akaikamata nondo, akaanza kuitandika ile rimu.

Madarasa yote yakafunga milango kama nilivyowafundisha. Lakini spika ilikuwa juu ya paa! Wale wadogo wa darasa la kwanza wamefungiwa ndani, na simba wanamsikia juu ya vichwa vyao, mlitaka wafanyeje? Walitokea madirishani. Nikakimbilia redio, nikabonyeza kitufe cha kuzima, kikagoma, nikakibonyeza kwa nguvu, redio ikaanza kutafuna kanda, na yule simba badala ya kunyamaza akawa anavuta sauti nzito, ndefu, kama babu yake simba amefufuka. Nyaya zilikuwa nyingi na sikujua nichomoe upi. Mgeni rasmi alikuwa ameshapanda juu ya dawati (nilimwambia ni kaseti, hakunisikia), dawati la zamani, likavunjika, mtu aliyekuja kutuletea madawati akaenda nalo chini. Ndipo nikaikamata maiki ya hotuba nikapiga kelele, "Tulieni! Hakuna simba! Simba ni mimi! Ni mimi, Mwalimu Rehema!"

Sauti ilifika mpaka barabara kuu. Madereva waliokuwa wanatengeneza tairi huko waliisikia, na jina langu likaanza safari yake siku ile ile.

Fundi alirudi mbio akachomoa kitu kimoja tu, kukawa kimya. Lakini watu walikuwa wameshafika, wenye mapanga, wenye mashoka, mama mmoja na mchi wake mkononi, na mbele yao wote wafugaji na mikuki, wametoka mbio bondeni walikokuwa wananywesha, ng'ombe wamewaacha wanatawanyika kila upande. Wa kwanza mlangoni alikuwa Mzee Lekishon, anahema, jasho linamtiririka.

"Yuko wapi?"

Nikatamka lile lililozoea kutoka lenyewe, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Nikamwonyesha redio. Akaitazama, kanda imening'inia nje kama utumbo, akanitazama na mimi. Nyuma yake watu wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote, mpaka yule mama wa mchi akakaa chini kwa kicheko, na nawaambia ukweli hata mimi nilianza kucheka, kwa woga tu, nikidhani labda yameishia hapo.

Ndipo Naserian akaja. Alikuwa ametoka mbio kengele ilipolia, yeye aliyejua kabisa kwamba ni kaseti, kwa sababu alijua pia kwamba mdogo wake hajui. Alikuwa amembeba Nalepo, na mkono wa Nalepo umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alimkuta chini ya dirisha, wenzake wamemrukia juu.

Kicheko kikakatika. Mzee Lekishon akaegemeza mkuki ukutani, akampokea mtoto, akasema taratibu, bila hasira, na heri angenitukana, "Mwalimu, mimi sikuja kwa ajili ya simba. Nilikuja kwa ajili ya watoto. Uliniambia una hakika."

Nalepo alipelekwa hospitali, mkono ukafungwa, ukapona, namshukuru Mungu. Mgeni aliondoka bila hotuba. Mwalimu mkuu alinisema nikasemeka. Yote hayo ningeyabeba. Lakini watoto wale wawili hawakurudi shuleni. Nikafunga safari kwenda kwenye boma, mzee akanipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa maziwa, akasema, "Kunywa, mwalimu. Watoto hawarudi." Nikamsihi, angalau Naserian, mtihani wenyewe umebaki kidogo, akae hata mlangoni. Akanisikiliza mpaka mwisho akarudia maneno yale yale. Akaenda mwalimu mkuu, akaenda mwenyekiti wa kijiji, jibu likawa hilo hilo. Nikiaga nilimwona Naserian amesimama na ndoo kando ya zizi.

Siku ya mtihani nilipita dirishani mwa darasa lenye madawati mapya, yananukia mbao, na moja halikuwa na mtu. Mwaka uliofuata nikasikia ameolewa, huko mbugani Tindiga.

Siku hizi mimi ni mwalimu mzee, na kila wanapotuletea chombo kipya cha kufundishia wenzangu wananikimbia, maana mimi ndiye yule msumbufu anayeuliza kwanza: walio nje watasikia nini, wadogo wameambiwa, nani anajua kukizima? Wanasema napinga maendeleo. Waseme tu, mimi nimeapa, na kiapo changu kina mkono wa mtoto ndani yake.

Naserian nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi baadaye, siku ya mnada, mrefu kama baba yake, ana mtoto mgongoni. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Mwalimu, lile ndilo lilikuwa somo zuri kuliko yote." Na pale pale, katikati ya ng'ombe na vumbi, akanitajia lote, kwamba majike ndiyo yanayowinda zaidi, kwamba dume linanguruma kuwaambia wengine hapa pana mwenyewe, hakuacha hata moja. Kisha akasema, "Ulituambia kesho yake utageuza kaseti, upande wa pili kuna tembo. Uliwafundisha wenzangu?"

Nikamwambia sikuwafundisha, kanda ililiwa yote.

"Nifundishe mimi basi."

Nikaweka kapu langu la vitunguu chini. Nikamfundisha tembo, kila nilichokuwa nimekiandaa, naye ananitazama kwa macho yale yale. Alipouliza analiaje, niliangalia kwanza huku na huku, nikamsogelea sikioni, nikalia kama tembo kwa mdomo wangu mwenyewe, polepole, nisije nikawatisha ng'ombe wa watu. Naserian akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Mimi kucheka nilishindwa.