Siku Rukia Alipomtoa Malkia

Rukia Mbaruku alihamia Dodoma kutoka Kolo mwaka aliofiwa na mumewe, akiwa na miaka arobaini na tatu. Alipanga chumba Chang'ombe na kibanda cha nafaka Majengo, akauza mtama, uwele na ulezi. Sokoni walimjua kama mtu asiyekubali kitu kipotee. Punje zikimwagika alizifagia, akazipepeta na kuzirudisha kwenye gunia.

Sataranji alijifunza kwa jirani yake wa kibanda, Elisante, fundi viatu. Elisante alikuwa na ubao aliouchonga mwenyewe, na mchana, jua linapowafukuza wateja, alicheza na yeyote aliyekubali kukaa. Rukia alitazama miezi miwili bila kusema neno. Siku moja akauliza, "Fundi, huyu farasi mbona anawaruka wenzake?"

"Ni yeye tu mwenye ruhusa hiyo, Mama Shamimu. Kaa nikuonyeshe."

Akakaa, na ikapita miaka sita. Karibu kila mchana alifungwa, na sababu ilikuwa ileile: malkia. Ndiye kete yenye nguvu kuliko zote, huenda mbele, nyuma, pembeni na mshazari, na Rukia hakuthubutu kumweka hatarini. Akitishwa kidogo tu, alimrudisha nyuma na kumficha. Elisante alimmaliza mfalme wake huku malkia akiwa mzima pembeni.

"Umekufa naye mkononi," Elisante alimwambia, bila kejeli.

"Nikimpoteza huyu nabaki na nini, Fundi?"

Mwaka jana wapenzi wa mchezo huo walikodi ukumbi mjini, wakaandaa mashindano. Shamimu, bintiye Rukia, alimwandikisha mama yake kwanza, kisha ndipo akamwambia. Rukia alinuna siku mbili, ya tatu akaenda. Wengi waliokuwa ukumbini walikuwa vijana wa vyuo. Alishinda michezo miwili. Kwa mchezo wa tatu, majina yalipobandikwa ukutani, alikuta amepangiwa Elisante.

Walisalimiana kama wanavyosalimiana sokoni, wakaanza. Baada ya saa nzima, mfalme wa Elisante alikuwa amejibana kona, askari wake wawili wakiwa wamemziba. Kete yake ya ngome ilikuwa karibu, na kati yake na mfalme palikuwa na nyumba moja tupu, mraba mmoja usio na kete. Farasi wa Rukia aliilinda nyumba hiyo.

Rukia aliitazama nyumba ile. Akapiga hesabu, akairudia, akaipiga mara ya tatu. Kisha akamchukua malkia, akamweka pale katikati ya mfalme na ngome.

Kijana aliyekuwa akitazama alishika kichwa. Elisante aliinamisha uso, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Shamimu, umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

Mfalme asingeweza kumla malkia, kwa sababu farasi alimlinda. Ilibidi ngome imle. Elisante alisogeza ngome, akamtoa malkia ubaoni. Sasa mfalme alikuwa amezungukwa na watu wake mwenyewe, hana pa kukanyaga. Rukia akamrusha farasi, akamtia mfalme hatarini. Hakuna kete iliyoweza kumla farasi yule, na yeye huwa hazibwi njia.

Elisante aliona amefungwa. Akampa mkono, akatoka nje.

Mchezo uliofuata Rukia alifungwa na msichana wa chuo, wala hakujali. Lililomsumbua lilikuja baadaye. Siku nne mfululizo Elisante alishona viatu mchana kutwa, hakuutoa ubao. Rukia aliona amemwaibisha mtu aliyemfundisha. Siku ya tano alikwenda na vikombe viwili vya chai, akaketi mbele yake.

"Fundi, umenikasirikia?"

"Hapana." Elisante alikata uzi. "Nilikuonea huruma, nikadhani umekosea. Hilo ndilo linaloniuma. Nimekufundisha miaka sita, halafu sikuamini kama unajua unachofanya." Akapokea kikombe. "Uliacha lini kumwogopea malkia?"

"Sijaacha. Hata siku ile niliogopa."

Elisante alicheka kidogo, akavuta ubao kutoka chini ya meza. Rukia alifungwa siku hiyo, akafungwa na kesho yake. Siku ya tatu walitoka sare.