Niliachilia Wafalme Wawili kwa Heshima ya Baba Mkwe

Admin, ficha jina langu, maana huku Kiptere tunajuana mpaka ng'ombe. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, mkulima wa majani chai. Mke wangu alishafariki, watoto wanajitegemea. Mtakaocheka chekeni, lakini mkimaliza mnisaidie.

Miaka ya tisini nilikuwa kijana wa mashine za kukaushia majani, kiwanda cha shamba moja la chai karibu na Kericho. Nilimpenda msichana, nitamwita Chebet. Baba yake alikuwa nyapara wa wachumaji, mtu mkali ambaye akikohoa tu, vikapu vinajaa. Wazee wetu walikuwa wameshapanga siku ya koito, ile siku familia mbili zinakaa kuongea mahari.

Wiki hiyo hiyo kukawa na mashindano ya karata za poka kwenye klabu ya wafanyakazi. Tulifundishwa mchezo huo na mhudumu wa klabu ya mameneja. Kwa kuwa wengi wetu tulikuwa watu wa kanisa, tulichezea maharagwe badala ya pesa, na mshindi wa mwisho angepewa ndama. Ukiishiwa maharagwe unaenda nyumbani. Kwa bahati yangu mbaya nikapangwa meza moja na mzee, baba yake Chebet.

Mchezo haujapata hata joto, nikainua karata zangu mbili: wafalme wawili. Wanaojua poka wanajua, mwanzoni hapo kinachozidi hizo ni karata mbili za A tu. Nikaongeza maharagwe, wengine wakatupa karata zao. Mzee akasukuma rundo lake lote katikati, akaniangalia.

Jamani, fikirieni. Nikiweka maharagwe sawa na yake na nimshinde, nyapara anatoka wa kwanza kabisa mbele ya wachumaji wake, na anayemtoa ni mimi ninayetaka binti yake. Kwetu mbele ya baba mkwe hata sauti unaipunguza. Nikaachilia, ushindi ukawa wake. Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini nilitaka ajue kwamba nimemheshimu. Basi nikazigeuza zile karata, kila mtu akaziona.

Klabu nzima ikaangua kicheko. "Mzee ameachiwa!" Mtu mmoja mwenye kiherehere akafunua karata za mzee. Alikuwa na saba mbili.

"Wewe kijana," mzee akasema, "kwani mimi ni mtoto, unanipea?"

"Pole mzee, ni heshima tu."

"Heshima gani hiyo ya kuchekesha watu na mimi?"

Akaacha maharagwe yake mezani, akatoka.

Siku ya koito tulifika kwao, baba yangu na wajomba wamevaa makoti ya Jumapili. Hatukupewa hata mursik, yale maziwa ya kibuyu ambayo mgeni hanyimwi. Mzee aliongea akiwa amesimama: "Mtu anaficha mimi nguvu yake leo, kesho ataficha binti yangu nini?" Tukarudi nyumbani. Wahenga walisema heshima si utumwa, lakini mimi hawakuniambia mapema.

Nikaoa kwingine, na sikuwa mume mbaya. Chebet hakuolewa. Alikataa kila aliyekuja, akabaki kumtunza baba yake. Mwezi uliopita nikajipa moyo, nikaenda kumwomba tena. Mzee sasa haoni kabisa, lakini alinitambua kwa sauti.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Leta karata. Tumalize ile mchezo kwanza, halafu tuongee ya binti. Na usiniachie tena."

Chebet ndiye atakayemsomea karata zake sikioni.

Sasa niambieni. Nikimshinda, nimempiga kipofu nyumbani kwake mbele ya mtoto wake. Nikishindwa, hata kama ni kwa haki kabisa, hataamini. Atasema nimemwachia tena, na mambo yataishia pale yalipoishia.

Nilimwomba Chebet amwambie baba yake aachane na karata. Alinisindikiza hadi kwenye geti, akasema akiangalia chini, "Mimi nilikuongelea kwa baba mwaka ile yote. Mdomo ilichoka." Kisha akafunga.

Mzee ananingoja Jumamosi. Karata nimeshanunua, ziko hapa kwenye kabati, sijazifungua. Wenzangu mliopitia wakwe wakali, mngekuwa nyinyi mngeenda kukaa kwenye hiyo meza? Nipeni neno, mimi nimeishiwa.