Bakuli Tulilopeleka Shikome

Nilifika kijijini kwetu, upande wa Kishapu, kutoka Mwanza ninakoishi, siku gari la matangazo lilipokuwa likizunguka. Spika mbili juu, vumbi nyuma, na sauti ya mgombea ikitangaza kwamba wageni wametujaa: wanachimba dhahabu yetu Geita na almasi yetu Maganzo, na sasa wanakula hata ruzuku ya kaya maskini. "Mgeni siku mbili, ya tatu aondoke!" Vijana wakashangilia. Mimi nilicheka kwa hasira. Bibi aliyenilea asingekubali methali ichezewe hivyo. Tangu lini ya tatu akaondoka? Ya tatu mpe jembe!

Kumbe maneno yale yalikuwa yanamlenga mtu. Kesho yake mkutano wa kijiji ulikuwa uamue kama jirani yetu aondolewe kwenye ruzuku, kwa kuwa alitoka Burundi. Alikuja na mumewe kabla sijazaliwa. Mume akafukiwa na shimo la almasi huko Maganzo, yeye akabaki hapa, na sasa ni bikizee wa mkongojo. Unga wake, chumvi yake na sabuni yake vyote vinatoka kwenye ruzuku hiyo.

Lakini mimi nilikuwa najua jambo, nawe nitakwambia.

Utotoni kwetu kulikuwa na shikome, moto wa jioni ambao wanaume na wavulana wa nyumba za jirani waliuzunguka na kula pamoja. Kila nyumba ilipeleka chakula chake: ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga. Nasikia mpaka leo harufu ya samadi ikiungua polepole, na kaka zangu wakigombea ukoko. Hakuna aliyeulizwa amekula cha nani. Lakini nyumba isiyopeleka bakuli ilisemwa, na Wasukuma tukiamua kukusema, ndugu yangu, utasemwa mpaka mvua zinyeshe.

Ukaja mwaka wa ukame. Pamba ilikauka ikiwa fupi, ng'ombe wakaanguka mmoja mmoja, na zizi la bibi, lililokuwa fahari yake, likabaki harufu tu. Jioni moja hatukuwa na cha kupeleka. Bibi alichukua bakuli tupu, akalifunika kwa kitambaa safi, akanikabidhi. "Nenda nalo. Lionekane likitoka kwetu."

Njia ilipita kwa jirani. Yeye alikuwa amepewa shamba la mawe, mahali ambapo wenyeji hatukutaka hata kufunga mbuzi. Alipanda muhogo, watu wakamcheka kwamba anakula chakula cha njaa. Njaa ilipofika, ni muhogo ule tu uliokuwa bado wima. Aliniona, akanyanyua kitambaa, akatazama. Hakuuliza kitu. Aliingia jikoni, akarudi na bakuli likiwa zito na linatoa mvuke.

"Peleka, mayu," alisema, akiniita mama kama wanavyoitwa wasichana kwetu. "Ukiulizwa, ni cha kwa bibi yako."

Msimu mzima tulifanya hivyo. Bibi hakuwahi kumshukuru kwa maneno. Ila mvua ziliporudi na tukapata ng'ombe wa kukamua, kibuyu cha jirani kilijazwa kabla ya chetu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi alikuwa akisema, na sisi tulijua amepona nini.

Basi mkutanoni mwenyekiti akasimama. Ni rika la kaka zangu, na pale shikome hakuna aliyemshinda kwa ulafi. Akasema huyu mama si mzawa.

Nilinyoosha mkono. "Shikamoo, mwenyekiti. Mwaka ule wa ukame, pale shikome mlikula nini?"

"Marahaba. Mihogo ya kwa bibi yako. Nani asiyejua?"

"Bibi yangu hakuwa na shina hata moja la muhogo. Mlikula ya huyu."

Jirani akasimama kwa mkongojo, amenuna, maana siri niliyoitoa ilikuwa yake pia. "Mlinipa jembe, nikalima, mkala," alisema. "Siondoki, na haki yangu siiachi."

Mwenyekiti aliomba mikono ya wanaotaka atolewe. Haukunyooka hata mmoja, na wa kwake aliuficha mfukoni.

Shikome haipo tena. Siku hizi kila nyumba inakula ikiwa imefunga mlango, runinga ikipiga kelele, na jirani akilala njaa hujui. Hilo linaniuma kuliko ng'ombe wote waliokufa.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani yetu. Tulikuwa tunakula mihogo uani wakati gari lile lilipopita tena, likiunguruma.

"Masikio yangu yamechoka," alisema. "Wanasemaje?"

"Wanasema wageni waondoke."

Akanisogezea bakuli. "Basi shiba kwanza, mgeni wangu. Basi lako la Mwanza ni kesho."