Mpishi Asiyeonja

Tw'a! Ndivyo ulivyokuwa ukilia ulimi wa marehemu mama yake Mwahija akishaonja mchuzi wa pilau. Mlio mmoja mkavu, na jiko zima linajua chumvi imekaa: mchele unamiminwa, sufuria linafunikwa, makaa yanapaliwa juu. Mwahija aliurithi mlio huo pamoja na upawa, na kwa miaka ishirini na sita hapakuwa na harusi ya maana Kilwa Kivinje iliyoliwa kabla ulimi wake haujalia.

Sasa chakula kilimtia kinyaa.

Yalianza maumivu chini ya mbavu za kulia. Daktari Amiri, aliyekuwa akimtibu sukari, alimpima kwa ultrasaundi akamwambia ini lake limejaa mafuta, tena limeanza kufanya makovu.

"Daktari, mimi pombe hata harufu yake siijui."

"Si pombe, mama. Ni sukari na uzito." Akamwandikia sindano ya kila wiki, ile ya sukari na ya kupunguza mwili, ambayo siku hizi imeonekana inalisaidia na ini la namna hiyo. "Mwanzoni itakutia kichefuchefu. Tutapandisha dozi polepole. Lakini usiiache, ini likishakuwa kovu tupu, sina la kukurudishia."

Kichefuchefu! Neno dogo mno kwa jambo lile. Wiki ya tatu, kitunguu kilipoangukia mafuta kilimnukia kama panya aliyefia darini. Harufu ya samli ilimtambaa kooni. Nyama ya mbuzi ilitoa povu la kijivu, naye akaenda kutapika nyuma ya ua wa makuti. Aliporudi aliona mafuta yaliyoganda ukingoni mwa sufuria la jana, meupe, mazito, akawaza, ndivyo nilivyo ndani. Akatoka tena mbio.

"Da Mwahija, mimba ya uzeeni hiyo?" alidakia Zuhura, aliyekuwa msaidizi wake jikoni kwa miaka kumi na moja, mwenye mdomo kama wembe. Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Hakuwaambia. Angelitaja ini, mji mzima ungesema anakunywa kwa kujificha.

Basi kwenye hitima moja akadanganya. Alichota mchuzi, akausogeza mdomoni huku amebana pumzi, akaumwaga pembeni, akapiga ulimi. Tw'a! Mlio safi kabisa, wa uongo. Kumbe chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili. Watu walikula wakigugumia maji, wengine wakatema kwenye viganja mbele ya wafiwa, na sahani zikarudi jikoni zimejaa matonge yaliyotafunwa nusu. Mwahija ndiye aliyezikomba na kuyamwaga jaani. Hakujua kinachomchefua zaidi, yale matonge au mkono wake mwenyewe.

Ikaja harusi ya binti wa jirani yake, Kadija. Alfajiri ya siku hiyo, siku yake ya sindano, Mwahija aliishika ile sindano yenye umbo la kalamu muda mrefu. Akiiacha wiki hii, na ijayo, huenda ulimi ukarudi. Akakumbuka kovu. Akajichoma tumboni.

Saa nne mchuzi ulichemka. Kadija alikuja akasimama mbele ya jiko, mikono kiunoni.

"Dada, sikukosei adabu. Lakini ya hitima yakitokea leo, mwanangu ataitwa bi harusi wa chumvi mpaka azeeke. Leo nataka niuone mdomo wako ukimeza. Huwezi, niambie nimwite mpishi wa Kilwa Masoko."

Michi ikasimama kwenye vinu. Mwahija akachota. Matone ya mafuta yalielea juu ya mchuzi kama macho ya samaki aliyeoza, yakimtazama. Ulimi, kwa mazoea, ukajibandika juu ya kaakaa, tayari kulia.

"Onja basi," Zuhura akasema, "au unangoja upoe tuunywe kesho?"

Mwahija aliushusha ulimi. Akaugeuza upawa, mpini ukaelekea kwa Zuhura.

"Nini tena?"

"Ini langu linaumwa. Si pombe. Nachoma dawa, na dawa imeninyang'anya chakula."

Hakuna aliyecheka. Zuhura alinyoosha mkono kuelekea mpini, akaurudisha. Mwahija akamsogelea hadi kanga zao zikagusana.

"Nionjee," alinong'ona.