Si Nilifunga?

Miaka ya tisini ilipokuwa inaisha nilihudumu kwenye cyber moja Kawangware, chumba cha mabati chenye kompyuta chache na laini ya simu iliyokatika ovyo. Kila mteja akiinuka nilimuuliza, "Umefunga?" Naye alijibu, "Nimefunga." Alikuwa amebonyeza ule msalaba wa pembeni na dirisha likapotea. Kwetu kufunga mlango na kuutia kufuli ni neno lile lile, kwa hiyo nani angeshuku?

Kumbe mtambo haukujali msalaba. Uliendelea kukutambua kama mwenye nyumba hadi ubonyeze pale palipoandikwa "Sign out", yaani toka, na maandishi yale hayakumshughulisha mtu.

Mteja wangu mmoja alikuwa mama mshonaji kutoka mtaa wa Gatwekera. Alikuja kumwandikia dada yake aliyekuwa ng'ambo, na siku hiyo aliandika muda mrefu huku akipangusa macho. Akaniambia amefunga, akaenda zake.

Kabla kiti hakijapoa aliingia fundi wa mbao, anataka afunguliwe anwani yake ya kwanza ya barua pepe. Nikamfungulia ukurasa wa barua. Ukatukaribisha kwa jina la yule mama.

"Boss," akasema, "hii si jina ya bibi yangu?"

Sikuwa nimejua kwamba ndiye mumewe. Nikanyoosha mkono kwenye mausi. Yeye alishaisogeza. Alisoma polepole, midomo ikicheza, nami nikasoma juu ya bega lake, Mungu anisamehe. Mama alimweleza dada yake kwamba mumewe ameuza cherehani yake bila kumuuliza, na kwamba Ijumaa atamchukua mtoto warudi kwa mama yao, magharibi. Mume hajui, na asijue.

Nilingoja apige meza. Hakupiga. Alibonyeza msalaba, akasimama.

"Nimefunga," akasema, akatoka bila anwani.

Wiki hiyo kila nikisikia kelele nje nilichungulia mlangoni. Nilimwogopea yule mama kama ndugu yangu wa damu.

Ijumaa asubuhi akaja, mtoto mgongoni. Hakuketi.

"Nimeamka nikapata cherehani kwa meza," akasema. "Ile ile yangu. Mzee ameirudisha. Ati, 'Sasa hakuna haja ya kusafiri.' Na mimi sijawahi kumwambia nasafiri." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nilimwambia dada yangu peke yake. Si nilifunga?"

Nilimweleza yote. Akaniuliza mara mbili kama kweli mumewe alisoma mpaka mwisho. Nikasema ndiyo. Nilidhani angalau ile cherehani ingemtuliza. Wapi! Aliketi, akafungua barua yake, akaniambia nimwonyeshe pa kubonyeza. Nikamwonyesha. Akabonyeza mwenyewe, kwa nguvu, kama anayetoboa kitu.

"Sasa nimefunga?"

"Hapana, mama. Sasa umetoka."

Alilitazama lile neno "out" kwenye kioo, akamfunga mtoto vizuri mgongoni.

"Haya," akasema. "Kuna kijana nje anashika hiyo cherehani. Mwambie twende stage ya mabasi ya magharibi."